Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Pongezi kwa Msimu Uliofana

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

YAH: PONGEZI KWA TIMU YA MPIRA WA MIGUU YA CHUO KUMALIZA MSIMU SALAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kashaulili, Manispaa ya Mpanda, mzazi wa mwanachuo mmoja na mshabiki wa timu yenu. Jina la chuo nimeliacha kwa heshima. Wewe utajijua, na wakuu wenzako watatu wanne kati ya Tunduma na Kigoma watadhani wanasemwa wao.

Msimu umekuwa mzuri mno. Timu haikushuka daraja, kwa kuwa haimo kwenye daraja lolote. Haikufungwa ugenini, kwa kuwa haikwenda ugenini. Kadi nyekundu haikupata hata moja. Mwenendo huu ndio uliokufanya usimame mbele ya wazazi na kuisifu kwa nidhamu, nasi tukapiga makofi.

Nianze na bonanza la ufunguzi, maana ndilo lililobeba msimu mzima. Ratiba ilisema mpira unaanza saa nane mchana. Saa nane kamili vijana walikuwa wamejipanga mstari, mikono nyuma, wakimsubiri mgeni rasmi aje awakague. Mgeni rasmi aliwasili saa kumi na nusu. Ikaja risala, ikaja neno la shukrani, ukaja utambulisho wa meza kuu, ambapo kila aliyetambulishwa alipewa nafasi ya kusalimia na kila aliyesalimia akakumbuka jambo la kusema kuhusu umuhimu wa michezo kwa afya. Beki wetu wa kushoto, ambaye afya yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, alichuchumaa kwa kizunguzungu. Mpira ulianza saa kumi na mbili kasorobo. Namshukuru Mungu kwamba Mpanda tupo magharibi na jua letu huzama karibu na saa moja, maana ingekuwa Dar es Salaam kipindi cha pili kingechezwa kwa tochi za simu. Hata hivyo kilichezwa dakika kumi na tano tu, zikatangazwa picha za pamoja.

Jezi nazo zilipendeza. Namba zilizobanduka zilibandikwa upya kwa plasta ya kidonda, kazi safi ya Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi. Namba 10 walikuwa wawili. Refa alipotoa kadi ya njano ikabidi awaulize wenyewe ni nani kati yao amecheza rafu. Yule mwenye hatia alijitaja. Nidhamu uliyoisifu mimi niliiona pale.

Kisha ukaja mwaliko wa mashindano ya vyuo huko Tabora. Likakodiwa koasta moja. Nilikwenda kuwaaga asubuhi, nikakuta viongozi wamejazana ndani kama viboko wa Mto Katuma mwezi Oktoba, maji yakiwa yamebaki kidimbwi kimoja. Walikuwemo mkuu wa msafara, msaidizi wa mkuu wa msafara, mratibu, mwandishi wa taarifa, mtunza vifaa (vifaa vyenyewe mpira mmoja), na daktari wa timu, ambaye siku za kawaida ni ofisa ugavi. Zilibaki siti saba. Kocha alihesabu wachezaji, akahesabu siti, akarudi nyumbani. Viongozi walisafiri, wakashiriki ufunguzi, wakasaini posho, wakarudi na cheti cha ushiriki. Kimewekwa kwenye fremu ofisini kwako. Kinang'aa.

Taarifa yako kwa wazazi ilieleza kuwa timu ilikwamishwa na "changamoto za kijiografia". Mkuu, reli ya kutoka Kaliua hadi hapa Mpanda, kilomita zipatazo 210, ilifunguliwa mwaka 1950 ili kusomba madini ya risasi. Mkoloni alitazama jiwe akaona linastahili usafiri. Leo treni tunayo, na lami kwenda Tabora imeshakamilika. Jiografia imefanya sehemu yake.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Hamkuchezesha mamluki, na hilo nalisifu kwa dhati. Kila mwaka kwenye UMISSETA na mashindano ya vyuo hukosi kusikia pingamizi dhidi ya mwanafunzi mwenye ndevu na watoto wawili ambaye darasani hajulikani. Nyinyi hata wachezaji wenu halali hamkuwachezesha. Mamluki wenu walikuwa kwenye benchi la ufundi.

Kuna watu watakwambia mpira wa vyuo ni jambo dogo, lisikusumbue. Huko Marekani uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 107,000. Sensa ya 2022 ilitukuta Katavi tuko 1,152,958, kwa hiyo uwanja ule mmoja ungemeza karibu sehemu ya kumi ya mkoa wetu. Nick Saban, aliyeinoa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama hadi kustaafu Januari 2024, alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Tangu Julai 2021 wachezaji nao wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. (Mpira wenyewe wanaukumbatia mikononi, lakini hayo ni yao.) Kocha wetu ni mwalimu wa stadi za mawasiliano, na malipo yake kwa msimu huu ni soda. Sidai tuwe Michigan. Nadai wachezaji wapate siti.

Kwani fedha ipo, na ninajua ipo kwa sababu ni yangu. Kwenye fomu ya maelekezo ya kujiunga na chuo, chini ya ada, mitihani na kitambulisho, kuna mstari ulioandikwa "michezo na burudani". Nimeulipa kila mwaka kwa namba ya malipo mliyonipa. Usipoulipa, mtoto hasajiliwi wala haingii chumba cha mtihani. Bima ya afya ya shilingi 50,400 ilileta kadi. Kitambulisho kilileta kitambulisho. Mstari wa michezo umeleta fremu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ya elimu iliposimamisha michezo shuleni, nchi nzima ililalamika. Wewe umeisimamisha bila tangazo, mchango ukauacha palepale, na hakuna aliyenung'unika. Huo ni uongozi.

Ombi langu ni moja. Pale kwenye ubao wa matangazo, mnapobandika majina ya wanafunzi wanaodaiwa, bandikeni na karatasi moja ya mapato na matumizi ya michezo ya mwaka huu: zimeingia kiasi gani, zimetoka kwa ajili ya nini, nani amesaini. Fanyeni hivyo kabla ya usajili wa muhula ujao, kwa sababu muhula huo wazazi tuliozungumza hapa Kashaulili tutalipa kila mstari wa fomu ile isipokuwa mmoja, na watoto wetu tutawaleta getini wenyewe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi mlipaji,
Kashaulili, Mpanda.