Tremolo: Mhadhara wa Bingwa Asiye na Mpinzani

Ndugu wanakwaya, wapiga gitaa, wazee wa taarab, nanyi mlioingia humu kukwepa mvua: kaeni, tulieni, mpate elimu. Anayesimama mbele yenu ni Bingwa Mkuu wa Mitetemo. Cheo hicho nilijipa mwenyewe baada ya mchujo mkali. Mgombea alikuwa mmoja, na alipita kwa taabu.

Somo la leo ni tremolo. Wengi wenu mnaichanganya na vibrato, nami nawasamehe, maana kosa hilo lina wakubwa wake. Shikeni kalamu. Katika vibrato, sauti hupanda na kushuka kidogo pembeni mwa noti yake. Katika tremolo, noti haihami. Ama inarudiwa harakaharaka bila kupumzika, ama nguvu yake inaongezwa na kupunguzwa upesi upesi.

Sasa sikilizeni maajabu. Mwaka 1954 kampuni ya Leo Fender kule Marekani ilitoa gitaa la Stratocaster, lenye mkono wa chuma ulioitwa tremolo. Ukiukandamiza, nyuzi zinalegea na noti inashuka. Hiyo ni vibrato! Baadaye amplifaya zake zikaja na vitufe vilivyoandikwa vibrato, na kazi yake ni kupandisha na kushusha nguvu ya sauti. Hiyo ni tremolo! Jina la huyu kapewa yule, na la yule kapewa huyu, na dunia nzima ikanunua bila kuuliza. Laiti wangenishauri. Nilikuwa sijazaliwa, lakini hicho si kisingizio.

Turudi nyuma. Mwaka 1624, mjini Venice, mtunzi Claudio Monteverdi alitaka nyuzi zitoe ghadhabu ya vita katika kisa cha Tancredi na Clorinda. Akawaandikia wapigaji noti moja irudiwe mara 16 katika kipimo kimoja. Wapigaji wakaona ni kichekesho, wakaipiga mara moja, basi. Monteverdi mwenyewe aliyaeleza masaibu hayo katika dibaji aliyoichapisha mwaka 1638. Jifunzeni hapo: bingwa wa kweli hudharauliwa kwanza. Mimi nadharauliwa mpaka leo, kwa hiyo ukubwa wangu kadirieni wenyewe.

Kwa nini noti irudiwe? Kwa sababu uzi ukipigwa kwa kidole au risha, sauti yake hufa mapema. Fidla ina upinde wa kuivuta. Udi, kanuni na gitaa havina. Ndiyo maana mpiga kanuni wa taarab, mwenye risha kwenye vidole viwili vya shahada, huvipokezanisha kwa kasi hadi msikilizaji aape kwamba noti haikukatika. Mpiga gitaa Francisco Tárrega wa Hispania naye, katika Recuerdos de la Alhambra, alikipa kidole gumba kazi ya besi, akaviacha cha pete, cha kati na cha shahada vipokezane juu ya uzi mmoja. Akodiani nyingi hata hazihitaji mbwembwe za vidole: vilimi viwili vya noti moja hutofautishwa kwa unywele tu, na tofauti hiyo ndiyo huzaa mtetemo. Fundi mwenye bidii akija kuvilinganisha sawasawa, utamu wote unakwenda.

Tumefika kooni, uwanja wangu wa nyumbani. Sauti ya mwimbaji aliyefunzwa hutetema takriban mara 5 hadi 7 kwa sekunde, na koo halibagui: noti na nguvu hucheza pamoja. Mtetemo ukizidi kasi, Waitalia wanasema mbuzi kalia. Ukipungua ukawa wa kuyumbayumba, wasikilizaji humwonea mwimbaji huruma, wakamtafutia kiti.

Lakini mwaka 1602 Giulio Caccini wa Florence, katika kitabu chake Le nuove musiche, alifundisha trillo: kuigonga noti ileile kwa koo, mwanzo polepole, kisha mbiombio. Ni pambo la heshima kabisa! Yule mwalimu wa kwaya aliyeniondoa sauti ya tatu akanipeleka kupanga viti (jina lake silitaji, nina adabu) ni dhahiri hakuwahi kumsoma Caccini.

Andikeni hili kwa wino mwekundu: mwimbaji na mwenye homa wote hutetemeka. Tofauti yao ni kwamba mwimbaji akitaka kuacha, anaacha.

Sasa niwaonyeshe kwa vitendo. Aa-a-a-a-a-a-a-a! Asanteni. Aliyecheka nimemwona, na aliyesema "mbuzi" nimemsikia.

Naona mkono kule nyuma. Kijana anauliza kama Bingwa anaweza kuiimba noti hiyohiyo bila kutetema. Swali zuri, mwanangu, bahati mbaya muda umekwisha. Jibu ni kwamba naweza, tena vizuri mno. Sitaki tu.