Kikao cha Mwamba wa Nyani

Wanyama wa Mbuga ya Ziwa Nakuru hawakuwa na haja yoyote ya kumteua bingwa wa kuruka viunzi. Haja ilizuka pamoja na posho. Ilipovuma kwamba kila atakayehudhuria atapewa jiwe la chumvi la kulamba, hata wale ambao hawajawahi kuruka kitu kirefu kuliko nyasi walinawa uso, wakapanda Mwamba wa Nyani kabla ya jua kuchomoza.

Kiti alipewa Mzee Kifaru. Ukoo wake uliletwa kutoka Solio mwaka 1987, ukazungushiwa ua wa umeme na kulindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana. Wenzake waliona kwamba mnyama anayelindwa kiasi hicho hawezi kukosa hekima. Kwamba macho yake ni mabovu, na kwamba kazi ya siku hiyo ilikuwa kuwapima warukaji, hakuna aliyelitaja. Katibu alikuwa Nyani, kwa kuwa ndiye mwenye maktaba: magazeti na kijiredio alivyonyakua kwenye madirisha ya magari ya watalii.

Swali lilisomwa. Katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Mbio hizo Wakenya wamezifanya shamba la urithi. Tangu Mexico 1968 hadi Rio 2016, kila Olimpiki waliyohudhuria walirudi na dhahabu yake, mara 11 kwa jumla. Viunzi 28, madimbwi saba, na mwishoni Mkenya mbele.

Swala Pala aliinuka wa kwanza, maana miguu yake haijui kukaa. Alimtaja Amos Biwott. Kule Mexico wenzake walikanyaga kiunzi wakatua dimbwini na kutoka wakichuruzika, lakini Biwott aliruka kiunzi na dimbwi kwa mpigo mmoja, akatua ng'ambo bila kulowa. "Mkubwa ni yule anayeyapita maji," alisema Swala, "si yule anayeyaoga."

"Maji yamekukosea nini wewe?" aliuliza Mama Kuro, ambaye hulala ukingoni mwa ziwa. "Na mbona hamjamtaja mwanamke hata mmoja?" Akawakumbusha Beatrice Chepkoech. London 2017 alilipita dimbwi la kwanza bila kuliona, akageuka na kurudi kuliruka wenzake wakizidi kwenda, na hata hivyo akamaliza wa nne. Mwaka uliofuata, Monaco, aliweka rekodi ya dunia ya 8:44.32, na 2019 akatwaa ubingwa wa dunia Doha. Madume walitikisa vichwa kwa heshima kubwa. Mwenyekiti alisema hoja ya mama ni nzito sana, kwa hiyo itajadiliwa katika Mengineyo.

Kobe, ambaye humpima kila mtu kwa miaka, alimsimamia Ezekiel Kemboi. Dhahabu ya Athens 2004, na nyingine London 2012. Ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 2009 hadi 2015. Kabla ya hapo, fedha tatu za dunia, za 2003, 2005 na 2007, alipokuwa akijifunza subira. Tumbili aliongeza kwamba baada ya kushinda Kemboi alikuwa akicheza ngoma uwanjani, na bingwa asiyejua kucheza ni karani tu. Nyani hakupendezwa na neno karani.

Twiga akainua shingo. Hakuwa na takwimu nyingi na hakuzihitaji. "Julius Kariuki alizaliwa Nyahururu," alisema, "na Nyahururu ni hapo tu." Mwamba mzima ulishangilia. Dakika 8:05.51 za Kariuki, Seoul 1988, zilidumu kama rekodi ya Olimpiki kwa miaka 28, lakini kelele zilikuwa zimeanza kabla Twiga hajafika kwenye saa. Mtu wetu ni mtu wetu.

Chui alikuwa amelala juu ya mgunga, na hakuna aliyejua alifika lini. Akataja jina moja, Henry Rono. Mwaka 1978, ndani ya siku 81, kijana huyo wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia. Moja ilikuwa hiyo ya viunzi na maji, 8:05.4, iliyokaa hadi 1989.

"Medali za Olimpiki?" aliuliza Nyani, kalamu hewani.

"Kenya ilisusia Montreal 1976. Ikasusia na Moscow 1980."

"Nimeuliza medali."

"Hakuna."

Nyani aliandika sifuri kubwa ya duara zuri. Jedwali lake lilikuwa na safu ya dhahabu, ya fedha na ya shaba. Safu ya walioambiwa wasipande ndege haikuwamo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kikao kilipokwisha kabisa. Saa mbili zilizofuata zilikuwa za chumvi tu.

Hata hivyo lilibaki jina moja ambalo wote walikuwa wakilikwepa, na aliyelitamka ni Heroe. Alikuwa amekuja kwa siku mbili kutoka Bogoria kuwasalimu jamaa. "Saif Saaeed Shaheen," alisema.

Nyati alipiga kwato hadi mawe yakaporomoka. "Msaliti! Alizaliwa Stephen Cherono hapa hapa Bonde la Ufa, akanywa maziwa yetu, akaenda kuikimbilia Qatar! Paris 2003 akampiga Kemboi wetu mbele ya ulimwengu!"

"Ndiyo," alisema Heroe. "Na Athens 2004 hakukimbia, kwa sababu Kenya ilikataa kumpunguzia muda wa kungoja baada ya kubadili uraia. Mkachukua medali zote tatu. Siku 10 baadaye, Brussels, alikimbia 7:53.63, rekodi ya dunia. Brimin Kipruto alipoifukuza mwaka 2011 alikimbia 7:53.64. Mheshimiwa Katibu, hizo zinaachana kwa kiasi gani?"

"Sehemu moja ya mia ya sekunde," alisema Nyani, kwa shingo upande.

"Aliyehama si wetu!" alinguruma Nyati.

Heroe alishusha mguu wake wa pili, jambo ambalo maheroe hulifanya wakikasirika. "Mzee wangu, mimi nilianguliwa Natron, Tanzania. Nilipokuja kula hapa hamkuniuliza pasipoti. Mliniita heroe wa Nakuru, mkaniweka kwenye kalenda. Kisha ziwa likafura, likameza hadi lango kuu la mbuga, maji yakawa mepesi, mwani ninaokula ukapungua. Nikaenda Bogoria kwenye chakula. Hadi leo mgeni akifika mjini anaonyeshwa picha yangu na kuambiwa karibu Nakuru. Basi niambie, mimi ni msaliti au ni kivutio?"

Nyati alitafuna kitu ambacho hakikuwamo mdomoni. Mwenyekiti alisema swali hilo ni la kiufundi, akaunda jopo la kulichunguza. Wajumbe wakawa Nyati, shemeji yake Nyati, na Fisi kwa niaba ya vijana.

Wakati jopo likigombania nani awe naibu, Korongo alitua, mabawa yamejaa vumbi la safari ndefu kutoka Ulaya. Alipoelezwa shughuli aliona haya kidogo, kama mgeni aliyeingia harusini akijua bwana harusi yuko wapi.

"Mnajua lakini," alisema, "kwamba dhahabu ya Tokyo mwaka 2021 ilikwenda Morocco? Soufiane El Bakkali. Na ya Paris 2024 akaichukua yeye tena. Mara zote mbili Mkenya alikuwa wa tatu, kwanza Benjamin Kigen, halafu Abraham Kibiwot. Rekodi yenyewe iko Ethiopia tangu 2023, kwa Lamecha Girma, 7:52.11."

Ukimya ulikuwa mkubwa. Kobe aliingiza kichwa ndani.

"Huyo El Bakkali," alisema Nyati polepole, "ukimchunguza vizuri, bibi yake hakutoka Marakwet?"

Ikawa faraja kwa wote. Tumbili aliapa kwamba hata kwenye picha paji la uso ni la kwetu. Twiga aliinua shingo kuona kama Morocco iko upande wa Nyahururu. Dakika chache baadaye kikao kilikuwa kimemkubali El Bakkali kuwa mtoto wa nyumbani, ambaye dhahabu zake zingehesabiwa upya. Heroe alicheka hadi akapaliwa.

Mama Kuro alikumbusha kwamba Mengineyo bado. Mwenyekiti alitazama jua, au upande aliodhani jua liko, akasema muda umetutupa mkono.

"Swali dogo tu kabla sijaruka," alisema Korongo. "Ule ua wa umeme kule chini. Nani kati yenu amewahi kuuvuka?"

Walitazamana. Swala Pala alisema alikuwa na mpango. Chui alisema hajibu maswali ya ndege. Ndipo Ngiri, aliyekuwa nyuma kabisa amepiga magoti akilamba chumvi yake, akainua pua.

"Mimi huenda ng'ambo," alisema. "Nachimba, napita chini yake. Usiku huwa niko kwenye mahindi ya watu, asubuhi narudi. Je, hiyo inahesabika?"

Nyani alipekua jedwali lake ukurasa kwa ukurasa. Safu ya kupita chini hakuiona. Akalamba kalamu, akaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba Ngiri hakuhudhuria.