Namtafuta Yeyote Anayehusika

Barua niliyopewa chuoni ilikuwa na aya tatu, nembo moja na muhuri uliokaa upande. Juu kabisa iliandikwa "Kwa Yeyote Anayehusika", na aya ya kwanza ikaanza: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya biashara, mchepuo wa masoko, na Julai ilikuwa mlangoni na wiki zake nane za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Nikatoa nakala thelathini, nikanunua bahasha za kaki, nikapanda basi la mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta, katikati ya Dar es Salaam, kumtafuta huyo mtu.

Ofisi ya kwanza mlinzi alinisogezea daftari la wageni. Jina, nikajaza. Unakotoka, nikajaza. Safu ya tatu: "Anayeonwa." Nikaitazama barua, nikalitazama daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani: Yeyote Anayehusika. Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu, akanyanyua mkono wa simu, akafikiri, akaurudisha.

"Huyo kasafiri," akasema.

Siku tatu zilizofuata zilinithibitishia kwamba bwana huyu husafiri sana. Asiposafiri yuko kikaoni. Asipokuwa kikaoni ametoka sasa hivi, tena "mmepishana hapo getini." Bahasha zangu ziliachwa mapokezi, ziliachwa masijala, na moja nahisi iliishia kufunikia chai ya dada wa mapokezi, maana niliporudi niliikuta juu ya kikombe.

Simlaumu bwana huyo, lakini. Kila Julai vyuo vinamwaga wanafunzi mjini kwa mpigo. Chuo cha Elimu ya Biashara kipo tangu 1965, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) tangu 1972. Mtu anayewindwa na bahasha za kaki kwa zaidi ya nusu karne ana haki ya kujifunza kujificha. Na Julai yenyewe imekaa vibaya. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na mashirika ya umma yana miezi mitatu tu ya kufunga hesabu na kuzikabidhi kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Ukigonga mlango wa wahasibu wakati huo unakuta watu macho mekundu, wamezungukwa na majalada, risiti moja haionekani, halafu wewe unaingia na tabasamu kusema umekuja kujifunza.

Sisi wa masoko tumefundishwa kwamba bidhaa ikikosa mnunuzi, kagua kifungashio. Nikajikagua. Nikaenda Karume kwenye mitumba nikachagua viatu vyeusi vya ncha, vya mtu ambaye bila shaka alikuwa meneja huko kwao. Siku ya nne, soli ya mguu wa kulia iliachia karibu na Mnara wa Askari. Kila nikikanyaga, pa! Nikinyanyua, pa! Mtaa wa Samora mzima ukawa unanipigia makofi. Nikakaa kwa fundi viatu, mguu mmoja kwenye kiatu cha meneja, mwingine kwenye ndala ya bluu ya fundi. Pale nilipata nafasi ya kumtazama vizuri yule askari wa shaba. Tangu 1927 ameelekeza singe yake upande wa bandari, kama mtu wa mapokezi: hapa nafasi zimejaa, jaribu kule.

Fundi naye alikuwa ameisoma barua yangu iliyolala juu ya sanduku lake.

"Mdogo wangu, una mtu ndani?"

"Sina."

"Basi umeuandikia ukuta."

Jioni nikampigia mjomba. "Sasa mbona hukusema? Nina mtu wangu pale!" Kila mjomba ana mtu wake pale. Mtu wa mjomba wangu alikuwa dereva wa mkurugenzi wa shirika moja, na nilipoambiwa hivyo nilishukuru kwa mdomo tu. Kumbe dereva ndiye pekee anayekaa na mkurugenzi asubuhi na jioni kwenye foleni, bila ajenda wala mwandishi wa kumbukumbu. Vitabu vyetu vya menejimenti vimechora madaraka kwa ngazi na kwa piramidi. Hakuna kilichochora gari. Jumatatu nikaripoti.

Nikapangiwa masijala.

"Lakini mama, mimi nasoma masoko."

"Masoko si wateja, mwanangu?" akasema Mama Masijala bila kuinua macho. "Na barua za wateja ziko wapi? Kaa."

Kazi ilikuwa kutoboa barua matundu mawili, kuipa namba, kuifunga jaladani, kisha kulipandisha jalada kwa mkuu. Lilirudi na neno moja la kalamu nyekundu: "Tuongee." Sikuwahi kuona wakiongea. Usiku nilijaza logibuku, kijitabu cha kumweleza msimamizi wa chuo ulichofanya kila siku, na hapo ndipo elimu yangu ya masoko ilipofanya kazi. Siku nzima ya kutoboa ilikuwa "kushiriki katika usimamizi wa taarifa za shirika." Siku mashine ya kutobolea ilipouma ncha ya tai yangu, Mama Masijala akaniokoa kwa mkasi, nikaandika: "Nilikabiliana na changamoto ya vifaa."

Wiki ya tatu nikakutana na jalada la maombi ya fildi, nene kama mto wa kulalia. Nilipolifungua kuongeza barua mpya, nikaiona yangu. Pembeni mtu aliandika kwa penseli: "Anayehusika ashughulikie." Nikataka kuichomoa.

"Weee!" Mama akanizuia. "Barua ikishaingia jaladani haitoki."

Ijumaa ya wiki ya mwisho simu yangu ikaita, namba ya mezani.

"Tunapiga kuhusu ombi lako la mafunzo kwa vitendo," ikasema sauti ya kike, ya upole. Niliisikia mara mbili: sikio moja simuni, la pili kupitia ukuta wa mbao unaotutenganisha na ofisi ya utumishi. "Tunasikitika, kwa mwaka huu nafasi zimejaa."

Mama Masijala alikuwa ananitazama juu ya miwani. Nikainama nyuma ya majalada, nikashusha sauti.

"Asante, dada. Nashukuru kwa kunijulisha."

"Karibu tena mwakani," ukajibu ukuta.

Nikafungua logibuku, nikaandika: "Nilipokea simu moja ya ofisi na kuishughulikia." Mama akasaini bila kusoma, akaupulizia muhuri pumzi ya moto, akagonga. Ukakaa upande.