Mbwa Hemani, Bwana Usingizini

*Shangazi, mume wangu nami tulikubaliana twende Naivasha, tupige hema kando ya ziwa, tuzungumze kama zamani. Siku ya kuondoka akaja na Tomi, mbwa wake. Usiku mbwa kalala katikati, mimi nimebanwa kwenye zipu, maji yananichuruzika mgongoni. Kila Tomi akinguruma, ninayeamka ni mimi. Asubuhi mume akajinyoosha akasema amelala vizuri mno. Sasa anapanga safari ya pili na Tomi ameshahesabiwa. Je, mimi ni mke au ni mgeni? – Aliyelala Ukingoni, Nakuru.*

*Vipi shangazi? Mke wangu anamwonea mbwa wivu. Nampeleka Tomi ziwani kwa usalama wetu, maana kule kuna viboko na kuna wezi. Tena kuna mwandishi maarufu wa Marekani aliyezunguka nchi nzima akilala njiani na mbwa wake, na hakuna aliyemlaumu. Nimweleweshe vipi mama? – Mwenye Mbwa, Nakuru.*

Barua hizi zimetoka mji mmoja na zinamtaja mbwa mmoja. Sitauliza kama waandishi wanafahamiana. Nitawajibu kwa pamoja niokoe karatasi. Mama anadhani ameporwa nafasi moyoni mwa mumewe, bwana anadhani ameoa mwanamke mwenye wivu, na wote wawili wamemkazia macho mbwa wakaisahau kazi iliyokuja naye. Mimi nasema hivi: kando ya ziwa lenye viboko, anayelindwa ni mbwa, na anahitaji kulindwa usiku kucha na mtu aliye macho. Aliyemleta kwa jina la ulinzi kisha akakoroma amemtupia mwenzake zamu bila kumwambia. Ugomvi wenu unaanzia hapo, na hautaisha hata Tomi akihamishiwa kwenye gari.

Tuanze na kiboko, kwa kuwa yeye ndiye mwenyeji. Mchana hujituliza majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Giza likiingia hutoka kwenda malishoni, na hurudi kabla ya kupambazuka. Usiku mmoja anaweza kula kilo 40 za nyasi, na nyasi fupi, laini, zilizomwagiliwa maji, ndizo hizo za kwenye bustani na kambi za wageni. Mmetandika godoro lenu juu ya sahani yake. Uzito wake hufika tani moja na nusu na kuendelea, na kwa mbio fupi hukimbia kilomita 30 kwa saa hivi, mwendo ambao bwana aliyekurupuka usingizini akiwa na kandambili hatauweza. Hata hivyo, kiboko aliyeachwa ale kwa kawaida hula akaenda zake. Mtu aliyetulia hemani, kimya, tochi imezimwa, hana kesi naye. Balaa huanza anapoona amezibiwa njia ya kurudi majini, au anapochokozwa. Sasa mmekwenda kumletea kiumbe ambaye uchokozi ndio kazi aliyofundishwa tangu akiwa mtoto, na kila akiifanya vizuri nyumbani anatupiwa mfupa.

Mbwa akisikia nyasi zinakatwa gizani hubweka, na asipofungwa hutoka. Kambi nyingi za Naivasha zimezungushiwa waya wa umeme upande wa ziwa, mstari mmoja au miwili, kwa kimo cha kumzuia kiboko. Mbwa hupita chini yake bila hata kulaza masikio. Akifika ng'ambo atabweka kishujaa mpaka yule mkubwa ageuke, na akigeuka ushujaa umekwisha, mbio zimeanza, na mbwa anayefukuzwa hakimbilii kwa jirani. Anarudi kwa tajiri wake, kwenye hema lake, na anayemfuata nyuma anajifunza anwani yenu. Mtaniambia waya upo. Ndiyo, upo, na unategemea umeme. Wakenya hatuhitaji kufundishwa habari za umeme. Halafu kuna chui, ambaye hasumbuliwi na waya wa viboko na ambaye mbwa kwake ni kitoweo cha kawaida. Huko Mumbai, India, chui wa hifadhi ya Sanjay Gandhi hujipatia sehemu kubwa ya riziki yao kwa mbwa wa mitaani. Chui wa Bonde la Ufa hawana sababu ya kuwa wachaguzi zaidi.

Haya, wezi je? Hoja hii ina uzito na siidharau. Nyumbani mbwa ni mlinzi hodari kwa sababu anazijua sauti na harufu za pale, kwa hiyo akibweka kuna jambo. Kambini kila kitu ni kigeni kwake: askari wa kambi anayepita na rungu, familia ya hema la pili inayogombania blanketi, tumbili juu ya mgunga, mlevi anayetafuta choo. Wote atawabwekea kwa bidii ileile. Kengele inayolia kwa kila kitu haimwambii mtu chochote, na ushahidi tunao kwenye barua: bwana mwenyewe hakuisikia. Kama mwizi angekuja usiku ule, angekutana na mama, aliyekuwa macho bila msaada wa mtu. Kwa mwizi, askari wa kambi mmeshamlipa ndani ya kiingilio.

Sasa huyo mwandishi wa Marekani. Ni John Steinbeck, na kitabu ni *Travels with Charley*, kilichotoka mwaka 1962. Bwana, naona ulisoma jalada tu. Steinbeck alisafiri mwaka 1960 kwa gari la mizigo lenye kijumba mgongoni, kuta ngumu na mlango wa kufunga. Hakulala kwenye kitambaa chenye zipu. Charley alikuwa mbwa mzee, mstaarabu, mzaliwa wa Ufaransa. Walipoingia hifadhi ya Yellowstone, mlinzi wa lango aliwatahadharisha kuhusu dubu, na Steinbeck akamtetea mbwa wake kama wewe unavyomtetea Tomi: mpole, hana neno na mtu. Hawakwenda mbali. Charley alipomwona dubu wa kwanza alipandwa na wazimu, akataka kutoka garini akapigane, na safari ya Yellowstone ikaishia pale. Waligeuza gari wakatoka. Safari ilipoanza mkewe, Elaine, hakuwamo kwenye kijumba hicho. Alipokwenda kukutana na mumewe Chicago walifikia hotelini, naye Charley akapelekwa kwa watunza mbwa. Ukitaka kumfuata Steinbeck, mfuate mpaka Chicago.

Mchana nao una zamu zake, ambazo barua ya bwana imezipita kimya. Jirani na ziwa kuna Hell's Gate, hifadhi ya taifa tangu 1984, mojawapo ya hifadhi chache nchini ambapo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Wanyama wa kufugwa nyumbani hawaruhusiwi kwenye hifadhi za taifa. Kwa hiyo Tomi akiwapo, mmoja anaingia na mwingine anabaki langoni na kamba mkononi. Mama hakuandika aliyebaki ni nani, na mimi sikuhitaji aandike. Kuna maji vilevile. Ufukweni yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, huenda ni aina ya mwani wenye sumu. Binadamu huyakwepa, mbwa huyanywa, kisha hulamba manyoya yaliyolowa akaongeza dozi, na sumu ya aina hiyo inaweza kumuua kwa saa chache. Kuna kupe wa nyasi ndefu, wanaotakiwa kutafutwa kila jioni kwa vidole na tochi, ndani ya masikio, makwapani, katikati ya kucha, kabla hawajamwachia homa. Na kuna baridi: ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri pumzi za watu wawili na mbwa mmoja hugeuka maji kwenye kuta za hema. Yaliyomchuruzika mama mgongoni ni hayo, na yatamchuruzika yeyote atakayesukumwa ukingoni.

Wasomaji wangu Waislamu wa Lamu na Mombasa watauliza mbwa alifuata nini hemani tangu mwanzo. Kwao mbwa wa ulinzi mahali pake ni nje, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyewahi kuosha sufuria za kambini kwa maji ya ndoo moja ataiheshimu hoja yao hata kama dini yake ni nyingine.

Bwana akidai kwamba kumwacha Tomi nyumbani ni ukatili, sikubali. Mbwa anayebaki kwenye kiwanja anachokijua, na mtu anayemjua, chakula kwa saa zake, chanjo yake ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, ana mwisho wa juma mwema kuliko anayebwekea viboko akiwa kwenye kamba. Mtafutieni kijana wa jirani, mlipeni pesa ya kueleweka, msimwachie soda na ahadi. Nawe mama, nina neno nawe. Uliamka kila mara Tomi aliponguruma, na asubuhi ukanuna. Mumeo aliyelala fofofo angejuaje? Mwamshe. Mtie kiwiko mbavuni saa tisa za usiku, umwambie mlinzi wake ameona kitu, aende akatazame. Wivu utaacha kutajwa nyumbani kwenu.

Na kama bwana hasikii na Tomi lazima aende, basi masharti. Kamba fupi, upande mmoja shingoni kwa mbwa, upande wa pili kwenye kifundo cha mkono wa bwana, usiku mzima. Tomi alale kwenye zipu, bwana amfuate, mama alale upande wa mbali na mlango, mbali kidogo na ukuta. Kupe atafute bwana. Siku ya Hell's Gate mama achukue baiskeli. Tomi akinguruma usiku, atakayevutwa mkono atajua la kufanya, na zipu aifunge mwenyewe akirudi.