Mtu wa Katoro Akiitwa Kamati ya Miundombinu

Siku moja utasikia redioni, katikati ya matangazo ya mbegu na dawa za mifugo, kwamba Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu inawaalika wadau watoe maoni kuhusu muswada unaogusa usalama wa reli na haki za kipekee za Shirika la Posta. Usizime redio. Mdau ni wewe.

Najua utakachojibu: Katoro yetu ya Geita haina reli. Ni kweli. Mjerumani aliifikisha yake Kigoma mwaka 1914, Mwingereza akachepusha tawi kutoka Tabora hadi Mwanza mwaka 1928, na upande wetu wa ziwa hakuna aliyeona sababu ya kuja. Hilo lisikuzuie. Wapo waheshimiwa wasio na hata taruma moja majimboni mwao, na wakipewa kipaza sauti kuhusu reli hawakirudishi.

Wala usipoteze muda kuuliza reli na posta vimekutanaje. Kuanzia 2015 hadi Desemba 2020 vilikaa nyumba moja, Wizara ya Ujenzi, Uchukuzi na Mawasiliano. Isitoshe, kuna kitu kinaitwa muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali, ambao hupakia kama lori la mnadani: mbuzi, mitumba, magodoro na abiria juu yake. Ukiusoma haraka unaweza kushangilia mbuzi ukapitwa na godoro.

Mtego wa kwanza ni muda. Muswada ukija kwa hati ya dharura, tangazo utalisikia Jumatatu na maoni yatakuwa yameshapokelewa Jumatano. Wachimbaji wetu wa dhahabu hawahitaji kuelezwa hili. Miswada mitatu ya maliasili ya 2017, madini yakiwemo, ilifika bungeni mwishoni mwa Juni, na mwanzoni mwa Julai ikawa imepita. Mdau wa Dodoma anakwenda kamatini kwa miguu baada ya chai. Wewe unatakiwa ukate tiketi, upite Geita na Sengerema, uvuke daraja la Kigongo–Busisi (shukuru, hadi Juni 2025 ungekuwa bado unasubiri kivuko), kisha ushike Shinyanga, Nzega na Singida usiku kucha. Ukishavuka ziwa chungulia dirishani: eneo la Fela, Misungwi, ndipo lilipowekwa jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, Juni 2021. Ukiulizwa kamatini kama umewahi kuiona reli, jibu ndiyo bila kutetereka.

Ukumbini utawakuta wenzako wamewahi: LATRA inayosimamia usafiri wa ardhini, TCRA ya mawasiliano, TRC ya reli, Posta, wamiliki wa mabasi, wanasheria, kila mmoja na faili lenye kurasa za rangi. Usitishike. Wewe una kitu ambacho faili halina. Beringi ya karasha la kusagia mawe ya dhahabu ikifa machimboni Lwamgasa asubuhi, fundi hampigii Postamasta. Anampigia muuza vipuri Mwanza, hela inakwenda kwa simu, boksi linaandikwa jina na namba kwa kalamu nene, anakabidhiwa konda, na jioni bodaboda analipokea Katoro stendi. Ni biashara safi, isiyo na stempu. Ila kwa macho ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, anayebeba vifurushi vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA. Kwa hiyo kisa hicho kisimulie kwa tahadhari, bila kutaja basi, maana TCRA ameketi viti viwili kutoka kwako na anaandika.

Usikurupuke kuishambulia Posta, ingawa watu watakupigia makofi. Shirika hilo, lililoundwa kwa sheria ya 1993 baada ya Posta na Simu kugawanywa, linadaiwa kumfikia kila mtu, hata pale pasipolipa. Basi halitaacha lami kwa ajili ya bahasha moja ya mahakama. Mabishano haya ni ya zamani: Mmarekani Lysander Spooner alianzisha kampuni yake ya barua mwaka 1844, akaishinda serikali kwa bei, na mwaka uliofuata Congress ikashusha gharama ya kutuma barua huku ikikaza sheria dhidi ya watu kama yeye. Uingereza ilifungua soko lote Januari 2006. Kwa maoni yangu sisi tumechelewa ugomvi wenyewe. Barua ilishahamia kwenye simu. Kinachogombewa sasa ni boksi la beringi.

Kwenye reli, punguza utani. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima karibu na Igandu, Dodoma, breki zikakataa, ikarudi kinyumenyume kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Kwa hiyo ukisikia mjadala mzima unazunguka mita 15 za hifadhi ya reli mjini na mita 30 vijijini, na nani apakwe alama ya X ukutani, nyoosha mkono uulize habari za breki. Uliza pia ajali ikitokea nani anachunguza, ikiwa anayeendesha treni na anayemkagua wote wako chini ya wizara moja. Watakuambia hoja imepokelewa. Usikae. Hoja iliyopokelewa bila maandishi haifiki mbali. Nenda na sentensi iliyokamilika, futa maneno haya, weka haya, maana hiyo ndiyo inayoweza kuingia kwenye jedwali la marekebisho. Kila "Mheshimiwa Mwenyekiti" unayoitamka inakula dakika zako, na hukupewa nyingi.

Na kama kazi yako ni kuchomelea makarasha, tarajia mjumbe mmoja akuulize kwa upole vyuma chakavu unanunua wapi. Wizi wa vyuma vya reli unawauma kweli. Beba risiti.

Usipopata nauli, andika. Tangu 2025 Katoro ina jimbo lake, kwa hiyo nakala ya kwanza mpe mbunge. Ya pili ipeleke Posta, kwa heshima ya mada. Ya tatu, ambayo ndiyo unataka ifike kabla muswada haujasomwa, mkabidhi konda wa basi la usiku, ukimuuliza kwanza kama kampuni yao ina leseni ya vifurushi. Akikukodolea macho, fungua bahasha uongeze aya.