Karibu Kilwa, Mwalimu

Hongera, mwalimu. Umekabidhiwa timu ya daraja la chini na mipira miwili, mmoja una pancha. Uongozi unataka kupanda daraja msimu huu huu. Watakutajia Namungo ya Ruangwa, iliyoingia Ligi Kuu 2019 na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba. Hawatakutajia kwamba mbunge wa Ruangwa alikuwa Waziri Mkuu, na uwanja una jina lake. Wewe una diwani, naye ni Yanga.

Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ziliokotwa Australia mwaka 1944. Vijana wako bado wanachangisha nauli ya kwenda Lindi. Ukifungwa mechi tatu utatimuliwa; mweka hazina atabaki.