Yah: Malalamiko ya Mashabiki Waliopewa Kila Walichoomba

Kwa Uongozi wa Studio ya Paramount,
Hollywood, California.

Sehemu ya mwisho ya Star Trek: Picard ilitoka tarehe 20 Aprili 2023, ikiwa ya kumi katika msimu wa tatu, na ikafunga hadithi ya Nahodha Jean-Luc Picard aliyeonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Siku moja kabla yake, sehemu mbili za mwisho zilionyeshwa katika baadhi ya kumbi za IMAX nchini Marekani. Mashabiki walilia kwa furaha, kisha wakalalamika, kisha wakaomba nyingine. Barua hii inayapanga malalamiko hayo kwa utaratibu, kwa kuwa Uongozi una shughuli nyingi na mashabiki hawana utaratibu.

Lugha ya barua haihitaji udhuru. Luteni Uhura wa Star Trek ya awali, aliyeigizwa na Nichelle Nichols kuanzia mwaka 1966, ni mzungumzaji wa Kiswahili. Katika sehemu moja ya mwaka 1967 mtambo unamfuta kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, kila akikwama anaangukia Kiswahili. Kwa mujibu wa kumbukumbu za studio yenyewe, basi, lugha hii inafanya kazi huko angani hadi karne ya 23, na inatarajiwa kuwa masjala ya Hollywood haitakosa mtu wa kuisoma.

Chanzo cha madai ni cha zamani. Star Trek: The Next Generation, iliyomleta Picard, iliendelea kwa misimu saba, sehemu 178, hadi Mei 1994, na ikaagwa kwa heshima: nahodha, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujiunga na maofisa wake kwenye karata, alivuta kiti na kuketi nao. Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini zikafuata filamu nne za sinema, na ya mwisho, Nemesis ya mwaka 2002, ilianguka sokoni. Data, yule ofisa wa mashine anayependwa kuliko binadamu wengi wa hadithi hiyo, alilipuka humo. Waliobaki wakatawanyika bila kuagana vizuri. Mashabiki waliliandika hilo kama deni.

Mwaka 2018 Patrick Stewart alisimama mbele ya mashabiki mjini Las Vegas na kutangaza kuwa Picard atarudi. Alikuwa na sharti: isiwe mkutano wa marafiki wa zamani. Misimu miwili ya kwanza, ya 2020 na 2022, ililiheshimu sharti hilo kwa kiasi kikubwa. Ilileta mzee aliyestaafu kwenye shamba lake la mizabibu Ufaransa, wahusika wapya na maswali mazito juu ya uzee na majuto. Mashabiki walinuna. Msimu wa tatu akakabidhiwa Terry Matalas, aliyeanza kazi kama msaidizi mdogo kwenye Star Trek: Voyager. Sharti likawekwa kando na wote wakaitwa: Riker, Troi, Worf, Geordi La Forge, Beverly Crusher, na Data, ambaye kufikia wakati huo alikuwa ameshakufa mara mbili.

Inafaa kueleza kwa kirefu kidogo jinsi deni lilivyolipwa. Maadui wanaingiza kwa siri mbegu ya Borg, wale viumbe nusu mtu nusu mashine, katika mitambo ya kuhamishia watu, na mbegu hiyo inawaathiri wale tu wasiozidi umri wa miaka 25 hivi. Siku ya sherehe za miaka 250, meli zote za kikosi cha Starfleet zikiwa zimekusanyika na kuunganishwa kwenye mfumo mmoja, vijana wote wanageuka watumwa wa Borg kwa mkupuo na kuanza kuwaua wakubwa wao wa kazi. Dunia inaokolewa na wakongwe saba waliopanda meli kuukuu isiyounganishwa na mtandao wowote. Hakuna baraza la wazee, katika nchi yoyote, lililowahi kujitungia hadithi tamu kuliko hiyo. Mashabiki wenye umri wa kukumbuka mwaka 1987 hawakuona kasoro kubwa katika kipengele hiki, na Uongozi unaombwa kuuzingatia ukimya huo kuliko kelele zote zinazofuata.

Meli yenyewe ilikuwa Enterprise-D, iliyoanguka katika filamu ya mwaka 1994. Geordi alikuwa ameificha kwenye makumbusho na kuikarabati kwa miaka ishirini. Mafundi wa studio walikijenga upya chumba chake cha uongozaji, vile vile kama kilivyokuwa. Sauti ya kompyuta ni ya Majel Barrett, aliyefariki mwaka 2008. Picard anaingia, anatazama huku na huku, na jambo analokiri kulikumbuka ni kapeti. Kweli lilikuwepo kapeti, tena la rangi ambayo leo haiwezi kupita kwenye ukumbi wowote wa hoteli. Lilipokewa kwa mapenzi ambayo wahusika wapya wa misimu miwili hawakuyapata. Uongozi ungejua mapema, ungeokoa fedha nyingi kwa kuanza na kapeti.

Sasa malalamiko. La kwanza linawahusu Borg. Walionekana mara ya kwanza mwaka 1989, na tangu hapo wameshindwa katika televisheni, sinema, na televisheni tena; msimu wa pili wa Picard ulimalizika kwa kundi lao moja kufanya urafiki na binadamu. Katika msimu wa tatu urafiki huo umetajwa kwa kupita tu, na malkia yule yule wa zamani akarudishwa kwa sauti ya Alice Krige. Mashabiki wamehoji kwa nini adui wa kale amefufuliwa tena. Waliohoji ni wale wale waliosimama kupiga makofi meli ya kale ilipofufuliwa. Uongozi usishangae: ya kale ni dhahabu, ila si yote.

La pili ni kifo cha Nahodha Liam Shaw katika sehemu ya tisa. Huyu ndiye mhusika mpya pekee aliyependwa kwa kauli moja, labda kwa sababu alikuwa mkali na hakuwaheshimu wakongwe hata chembe. Msimu mzima alikataa kumwita msaidizi wake kwa jina alilojichagulia, Seven of Nine, na akakubali kulitamka pale tu alipokuwa akikata roho. Katika sehemu ya mwisho inabainika kuwa alikuwa ameshampendekeza apandishwe cheo. Ni tukio zuri, na limezidisha hasira, maana limefanya kifo chake kionekane cha hasara zaidi.

La tatu ni la Laris. Mwanzoni mwa msimu Picard anaagana na mwanamke huyu, mpenzi wake, kwa ahadi ya kukutana naye kwenye sayari ya Chaltok IV kazi ikiisha. Zinapita sehemu kumi, dunia inaokolewa, karata zinachezwa, na hakuna aliyemtaja tena.

La nne ni la jina. Meli ya Shaw, Titan, iliyoumia vitani msimu wote, inabatizwa upya Enterprise-G. Wapo waliofurahi na wapo walioona kuwa ni kunyang'anya meli sifa yake ili kubandika chapa inayouzika. Suala hili lina historia nje ya hadithi. Mwaka 1976 mashabiki waliandika barua nyingi kwa Ikulu ya Marekani hadi Rais Gerald Ford akakubali chombo cha kwanza cha NASA cha aina ya shuttle, kilichokuwa kiitwe Constitution, kipewe jina la Enterprise. Kilifanyiwa majaribio ya kutua mwaka 1977, lakini hakikuwa na injini za kukipeleka angani, wala hakikwenda. Sasa ni kivutio cha watalii New York. Jina walilipata.

Kuhusu Jack Crusher, mtoto wa Picard na Beverly, anayepewa nafasi kwenye meli yenye jina kubwa kuliko zote ndani ya muda mfupi, baba akiwa admeri na mama akiwa mkuu wa idara ya tiba, msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo.

Wote wameisifu karamu ya mwisho, na wana haki. Wakongwe saba wanaketi kwenye baa na kucheza karata, kamera ikiwaangalia kwa muda mrefu kama jamaa asiyetaka kuondoka. Lakini Stewart mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2023, ameeleza kuwa alitamani mwisho mwingine: Picard nyumbani kwake, na sauti ya mwanamke ikimwita. Tukio hilo halikupigwa. Nahodha alitaka kwenda nyumbani. Mashabiki walimtaka mezani, na mezani ndipo alipobaki. Hata hapo hawakutosheka, kwa sababu baada ya majina ya waigizaji kupita anatokea Q, yule kiumbe aliyemfungulia Picard kesi na akafa msimu uliotangulia, kumwambia Jack kwamba kesi yake ndiyo kwanza inaanza. Studio ilifunga mlango na kuacha ufunguo nje.

Matokeo yake ni ombi la mfululizo mpya, Star Trek: Legacy, ambao Matalas alikuwa ameutaja kama ndoto yake: Seven, Jack na Enterprise-G. Makumi ya maelfu waliweka sahihi. Walitegemea mfano wa mwaka 1968, ambapo kampeni ya barua iliyoongozwa na Bjo na John Trimble ililifanya shirika la NBC litangaze hewani kwamba Star Trek inarudi, na kwamba barua zinatosha. Lisilosimuliwa sana ni kilichofuata: msimu wa tatu ulipangwa Ijumaa saa nne usiku, bajeti ikapunguzwa, na mwaka 1969 kipindi kikafutwa.

Safari hii hakukuwa na tangazo. Tarehe 2 Mei 2023, siku kumi na mbili baada ya sehemu ya mwisho, waandishi wa Hollywood waligoma. Januari 2025 mashabiki walipewa Section 31, filamu ambayo hawakuwa wameiwekea sahihi, na Agosti mwaka huo studio ikaunganishwa na Skydance na kupata wakubwa wapya. Kwa hiyo ombi lilipelekwa kwa uongozi mmoja na liko mikononi mwa mwingine, na barua hii inaelekezwa kwa wote wawili, pamoja na utakaofuata.

Mashabiki, kwa ujumla wao, wanaomba yafuatayo: Legacy ianze, isiwe na Borg, iwe na kila kitu cha zamani isipokuwa vilivyochosha, iwe mpya, Shaw afufuliwe, kwa kuwa kwa Data na Q iliwezekana, na isiishe, ila ikiisha, iishe vizuri. Uongozi ukiona maombi hayo yanagongana, angalau Laris apelekewe taarifa kwamba kazi ilikwisha. Bado anasubiri Chaltok IV.